Pesa ya wimbo hupotelea studio

Mhariri,

Wasanii wengi hulalamika kwamba mtandao hauwalipi, kumbe mara nyingi pesa ipo ila imekosa mwenyewe. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe, ile masta. Msambazaji anayeupeleka Spotify au Apple Music kwa kawaida hukusanya mapato ya masta tu. Ya utunzi hupitia vyama vya hakimiliki, na asiyejisajili huko anayaacha mezani.

Kosa kubwa huanzia studio. Kabla prodyuza hajazima kompyuta, andikeni karatasi ya mgawanyo: majina halali, nani katunga nini, asilimia ya kila mmoja, sahihi za wote. Jumla iwe 100. Ikisomeka 110, malipo yanaweza kuzuiwa mpaka mgogoro uishe, na hapo urafiki umeshavunjika.

Rekodi nayo ipewe ISRC, namba yake ya utambulisho yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Ukihamia kwa msambazaji mwingine, tumia ile ile, la sivyo hesabu ya usikilizaji yaweza kuanza upya.

Linalotuuma zaidi ni malipo ya awali ya lebo, yaani pesa ambayo kampuni ya muziki humtangulizia msanii. Hukatwa kwenye fungu la msanii: ukipewa dola 10,000 na fungu lako ni asilimia 20, masta lazima iingize 50,000 kabla hujaona senti nyingine. Gharama za video mara nyingi huongezwa juu yake. Mkataba utaje kila kinachokatwa, kwa kiwango chake, kabla ya sahihi.

Wadau wa haki za muziki