Barua ya malalamiko: leseni yangu, pesa zangu na maneno niliyoambiwa ofisini kwenu

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Ajira za Wauguzi Nje ya Nchi

YAH: KUZUIWA KWA LESENI YANGU HALISI, MALIPO YASIYO HALALI NA KUDHALILISHWA MBELE YA WAOMBAJI WENZANGU

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika baada ya barua pepe sita ambazo hazikujibiwa, na simu nilizopiga hadi nikaacha kuzihesabu. Nitajitahidi kutumia lugha ya heshima maana ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo kazi yangu inavyonitaka. Ila naomba heshima hiyo isichukuliwe kwamba nimeridhika. Nimeumia.

Mimi ni muuguzi niliyewaomba mnitafutie kazi Uingereza. Taratibu zenu mnazijua na faili langu mnalo, kwa hiyo sitaanza mwanzo. Naanza na Jumanne ile.

Mliniita saa tatu asubuhi nije kuchukua cheti cha udhamini, kile cha kuombea viza ya kazi. Ujumbe wenu ninao kwenye simu: "Sista, cheti chako kimetoka, njoo na kitambulisho na malipo ya mwisho." Nilitoka zamu ya usiku nikaja moja kwa moja. Nilikaa kwenye benchi lenu mpaka saa saba mchana. Nilipoingia, afisa wenu hakunikaribisha kiti. Mezani kwake niliiona leseni yangu ya uuguzi, ile halisi niliyoiacha kwenu kwa sababu mlisema nakala haitoshi, na juu yake kulikuwa na kikombe cha chai. Nilimwomba kwa upole akiondoe. Akanijibu, mlango ukiwa wazi: "Wewe lipa kwanza. Wauguzi kama wewe wamejaa kwenye foleni, na hata ukifika kule kazi yako ni kubadilisha nepi tu." Kisha akaniambia nitoke, nimpishe anayelipa.

Ndugu Meneja, kumbadilisha mgonjwa nepi hakujawahi kuwa aibu kwangu. Nimefanya hivyo miaka 12, usiku na mchana, kwa wazee na kwa vijana waliotoka upasuaji wakiwa hawawezi hata kugeuka. Aliyelitamka kama tusi hajui kazi anayoiuza.

Nije kwenye hicho cheti cha udhamini. Nyinyi ni watu wa kazi hii, mnafahamu kwamba cheti cha udhamini cha Uingereza si karatasi ya kufuatwa ofisini. Ni rekodi anayoifungua mwajiri mwenye leseni ya udhamini kwenye mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko, na mwombaji hupewa namba yake ili aombe viza. Namba hiyo ikishatolewa ina miezi 3, ikipita imekufa. Niliomba namba, nikaambiwa iko kwa bosi. Niliomba jina la mwajiri, nikasubiri wiki tatu ndipo nikatumiwa jina la nyumba ya kutunzia wazee. Orodha ya waajiri wenye leseni serikali ya Uingereza inaiweka wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuifungua. Nimelitafuta jina hilo kwa tahajia tatu tofauti. Halimo.

Na ankara yenu je? Ninayo hapa mbele yangu naandika. Mstari wa kwanza ni gharama ya cheti cha udhamini. Tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi gharama hiyo, sasa nyinyi mnanidai kwa niaba ya nani? Mstari wa pili ni ada ya afya ya wahamiaji kwa miaka mitatu. Muuguzi anayeingia kwa viza ya wahudumu wa afya amesamehewa ada hiyo, haitozwi hata senti. Mstari wa tatu mmeuita "ada ya kutafutiwa kazi". Tangazo lenu linasema makao makuu yenu yako Uingereza, na sheria ya huko ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi. Mwongozo wao wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje unasema hivyohivyo. Wakala analipwa na mwajiri. Mimi nililipa mstari wa tatu wote na nusu ya wa pili, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wangu hadi leo.

Nilikubali kulipa kwa sababu muda ulikuwa unanikimbia, na hilo mlilijua. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza yana miaka 2 tu. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na isipungue 6.5 kwenye kuandika. Hiyo 6.5 nimeipata mara ya tatu. Mara ya kwanza 6, mara ya pili 6, na kila mara ni ada nzima upya, ruhusa ya kuombwa kazini upya, kukesha upya. Nikafanya mtihani wa baraza hilo unaofanywa kwa kompyuta, maswali 15 ya hesabu za dawa na 100 ya uuguzi, nikafaulu mara moja. Matokeo yake nayo yana miaka 2. Mtu anayeshikilia vyeti viwili vinavyoelekea kuisha muda hawezi kubishana na afisa anayemwambia "lipa leo tukuwahishe". Ndipo mliponishika.

Kabla yenu nilijaribu mwenyewe. Nilituma maombi 43. Matangazo yanasema udhamini wa viza upo, lakini kwenye usaili swali la kwanza ni kama tayari nina namba ya usajili ya Uingereza, na la pili ni kama tayari niko huko. Namba hiyo haipatikani bila mtihani wa vitendo, ule wa OSCE, wenye vituo 10 vya majaribio mbele ya watahini na ada ya pauni 794, na unafanyikia Uingereza tu. Wengi tunategemea mwajiri atuvushe kwanza ndipo tuufanye. Mwajiri anataka usajili, usajili unataka uwe huko, na kuwa huko kunataka mwajiri. Nyinyi mlisema mlango huo mnaufungua, na ndiyo sababu peke yake iliyonileta kwenu. Tangu 2024 hospitali za huko zimepunguza sana kuchukua wauguzi kutoka nje. Mlilijua hilo mnapopokea pesa zangu, maana ndiyo biashara yenu, lakini tangazo mkaliacha palepale na neno "nafasi ni nyingi".

Madai yangu ni haya. Nirudishiwe leseni yangu halisi. Nirudishiwe pesa zote nilizolipa, kwa mujibu wa risiti nne nilizoambatanisha. Na afisa yule aniombe radhi kwa maandishi. Nawapa siku 14.

Lakini nikirudi kwenye Jumanne ile, kuna mambo sikuyasema pale juu. Nilifikiri nitaweza kuyaacha. Siwezi.

Kwenye benchi lile sikuwa peke yangu na watu nisiowajua. Jirani na mlango alikaa muuguzi mdogo wa wodi yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka kanula, ule mrija wa kwenye mshipa wa mgonjwa, nikimshikia mkono wakati vidole vyake vinatetemeka, na mimi ndiye niliyemleta kwenu, kwa sababu mlisema kila atakayemleta mwenzake faili lake litasogezwa mbele. Alikuwa ameshika bahasha ya pesa. Afisa alipotamka yale maneno ya foleni na nepi hakushusha sauti, na yule binti aliyasikia yote. Niliona alivyoinamisha kichwa ili nisijue kwamba amesikia.

Nami, Ndugu Meneja, nilisema "samahani". Mtu amenidharau, chai yake iko juu ya leseni yangu, na mimi ndiye niliyeomba radhi. Nilisema samahani mara mbili. Sijalala vizuri tangu siku hiyo kwa sababu ya neno hilo.

Aliponyanyua kikombe ilikuwa ni kunywa tu, kisha akakirudisha palepale. Alama ya duara ya kahawia imebaki kwenye leseni, nusu juu ya muhuri wa baraza, nusu juu ya jina langu. Niliigusa kwa kidole. Karatasi ilikuwa na unyevu na ilishaanza kuvimba. Miaka 12 leseni hiyo niliitunza ndani ya jalada la plastiki, nikiitoa siku za ukaguzi tu, na hata mwanangu hajawahi kuruhusiwa kuishika. Nilipotaka kuichukua aliivuta upande wake akaniambia itabaki kwenu mpaka deni liishe.

Naomba mnieleze kwa nini mliitaka. Baraza la Uingereza huthibitisha usajili wangu moja kwa moja na baraza lililonisajili. Halihitaji karatasi iliyofungiwa kwenye kabati lenu. Anayeihitaji ni hospitali ninayofanyia kazi, iliyoniandikia wiki iliyopita niipeleke ikakaguliwe, na mimi nikashindwa kueleza iko wapi.

Kabla sijatoka alinisogezea karatasi ya mwisho ya mkataba, nisaini nikiwa nimesimama. Nilisaini. Niliisoma nyumbani jioni, macho yakiuma kwa usingizi. Kwenye nafasi ya cheo hamkuandika muuguzi. Mmeandika "msaidizi wa huduma kwa wazee", na chini yake kwamba nikiondoka kabla ya miaka mitatu nitalipa gharama zote mtakazozitaja. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno la nepi. Afisa wenu hakuwa amekasirika tu. Alikuwa anaijua kazi mliyonipangia, wakati mimi nimekaa benchi saa nne nikiamini naenda wodi ya upasuaji.

Na hata kazi hiyo haipo. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wasaidizi wa huduma kutoka nje ya nchi. Mkataba wenu una tarehe ya miezi miwili baadaye. Kwa hiyo hakuna namba ya udhamini iliyotoka, wala isingeweza kutoka, na mlinitumia ujumbe nije na malipo ya mwisho. Ningelilipia jambo hilo, na kama ningepata viza kwa njia yoyote ya kughushi, jina ambalo lingeharibika ni langu. Nyinyi mngefungua faili la mwingine.

Kwa hiyo madai niliyoandika pale juu hayatoshi, nami nayaongeza. Mkataba ule ufutwe kwa maandishi, pamoja na kifungu cha miaka mitatu. Gharama ya kupata leseni mpya badala ya iliyochafuliwa ilipwe na ofisi yenu. Matokeo yangu ya Kiingereza yanaisha muda mwezi ujao, baada ya miezi 11 ya kuambiwa "vuta subira", hivyo ada ya mtihani mpya nayo ni juu yenu. Yule muuguzi mdogo arudishiwe chake chote, maana alilipa siku ileile baada ya mimi kutoka. Aliniambia huku analia kwamba aliogopa faili lake lingerudishwa nyuma kama langu. Na radhi sitaki iandikwe na afisa peke yake. Iandikwe na wewe, itumwe kwa kila aliyekuwa kwenye benchi lile, anuani zao mnazo kwenye daftari la wageni.

Msipotekeleza, ushahidi wote unatoka kwangu: risiti, ankara, ujumbe wa simu na picha ya leseni niliyoipiga juu ya meza yenu kabla hajaivuta. Utakwenda kwa wakaguzi wa Uingereza wanaosimamia mawakala wa ajira. Utakwenda kwa NHS Employers, chombo cha waajiri wa huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, wanaotunza orodha ya mawakala waadilifu, ambayo nembo yake mmeiweka kwenye tangazo lenu. Nitawauliza kama jina lenu limo. Utakwenda kwa baraza letu la wauguzi na polisi, kwa sababu kushikilia leseni ya mtu ili alipe deni asilodaiwa mimi silijui kwa jina lingine ila la kosa la jinai. Waombaji wengine tisa wameshanipa namba zao. Sikuwatafuta. Walinitafuta wao baada ya Jumanne.

Nimeisoma barua hii tangu mwanzo kabla ya kuituma. Zile siku 14 nilizoandika ni nyingi mno kwa watu waliokaa na pesa zangu miezi 11, nami naziondoa. Pesa na barua ya radhi nazingoja ndani ya siku 7. Leseni naifuata mwenyewe Ijumaa hii saa tatu asubuhi, nikiwa na yule muuguzi mwenzangu na mtu wa kushuhudia. Iwe ndani ya bahasha, na jina langu juu. Sitakaa kwenye benchi.

Wako,

Muuguzi, wodi ya upasuaji
(Mwombaji wenu, namba ya faili mnayo)

Viambatanisho: nakala za risiti nne, ankara, ukurasa wa mwisho wa mkataba na picha moja ya leseni.