Dakika 106 si dakika zilizokatwa

Ndugu Mhariri,

Katika jedwali lenu la kulinganisha diski za Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958, DVD ya dakika 106 imeandikwa kuwa "imekatwa" kwa sababu tu Blu-ray ina dakika 111. Diski hiyo haijakatwa. Kilichopo hapo ni tofauti ya mwendo, na kosa hili hujirudia kila mtu anapolinganisha filamu za zamani kwa kusoma nyuma ya kava bila kuweka diski kwenye deki.

Filamu hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, lakini PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika, huonyesha 25. Njia rahisi ya kuziba pengo hilo ni kuiharakisha filamu nzima kwa takriban asilimia 4, na ndivyo DVD nyingi za PAL zilivyotengenezwa. Zidisha dakika 111 kwa 24, kisha gawa kwa 25: utapata dakika 106 na sekunde 34. DVD za NTSC, mfumo wa Marekani, hufidia kwa kurudia sehemu za fremu, hivyo urefu haubadiliki, na Blu-ray hubaki kwenye 24. Harakisho hilo husikika pia. Sauti za watu na ala hupanda kwa takriban asilimia 70 ya nusu toni, isipokuwa fundi awe ameishusha makusudi. Mwenye sikio la muziki hukereka mapema kuliko mwenye jicho kali.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba filamu hii kweli ina matoleo matatu ya uhariri, na urefu wake unakaribiana kiasi cha kuchanganya. La kumbi za 1958 ni takriban dakika 96. La majaribio, yaani la kuonyeshwa watazamaji wachache kabla ya filamu kutolewa, lililogunduliwa miaka ya 1970, ni takriban 109. Wengi walilidhania kuwa kazi halisi ya Welles, kumbe ndani yake yamo pia matukio yaliyoongezwa na studio na kuongozwa na mwongozaji mwingine, Harry Keller. La tatu ni la 1998, takriban dakika 111, lililohaririwa na Walter Murch kwa kufuata waraka wa kurasa 58 ambao Welles aliiandikia studio baada ya kuona walichoifanyia filamu yake. Kwenye PAL, namba hizo huwa takriban 92, 105 na 106. Kati ya toleo la majaribio na la 1998 hubaki chini ya dakika mbili, na makava yenyewe hukadiria. Dakika peke yake hazimwambii mnunuzi kitu.

Kipimo cha uhakika ni shoti ya mwanzo. Mkono unatega bomu, linaingizwa kwenye buti ya gari, kreni inapanda, na kamera inalifuata gari mtaani hadi mpakani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata. Ukiona majina ya waigizaji juu ya picha na kusikia muziki wa Henry Mancini, basi hilo ni la 1958 au la majaribio. Ukisikia tu redio ya gari na muziki wa vilabu ukipishana kadiri kamera inavyopita milangoni, bila jina lolote kwenye skrini, hilo ni la 1998. Haihitaji hata dakika moja kujua. Baada ya hapo ndipo dakika zinapofaa, maana 96 na 109 haziwezi kuchanganywa, wala 92 na 105.

Jedwali pia halikutaja umbo la picha, na hili si jambo dogo. Kamera ilinasa fremu karibu ya mraba, 1.37 (upana ukigawanywa kwa kimo), huku kumbi nyingi za Marekani kufikia wakati huo zikiwa zimeshahamia picha pana ya 1.85. Kutoka 1.37 hadi 1.85 unafunika takriban asilimia 26 ya kimo, juu na chini. Mabishano hayajaisha, na Blu-ray ya Uingereza ya 2011 iliwapa watazamaji maumbo yote mawili waamue wenyewe. Mimi naegemea 1.85: nyuso hukaa vizuri zaidi na nafasi tupu juu ya vichwa hupungua. Anayependa dari zile za chini za Welles atasema vingine, na ana hoja. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba mistari myeusi pembeni ya 1.37 inamwibia picha. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, filamu ya 1.37 huchukua upana wa pikseli 1480 hivi. Ukiivuta ijaze skrini, utamnenepesha kila mwigizaji.

Kuhusu ubora wa picha, mmeisifu diski mojawapo kuwa "safi, haina punje". Kwa filamu iliyopigwa kwenye seluloidi, sifa hiyo inatia shaka. Punje hizo, yaani chembechembe za filamu, ndizo picha yenyewe. Simamisha penye uso wa Quinlan, polisi anayeigizwa na Welles mwenyewe, kwa karibu: unatakiwa uone vinyweleo vya ndevu, jasho na mikunjo chini ya macho. Uso ukiwa laini kama nta, kichujio cha kufuta chembechembe kimepita hapo. Kisha sogeza fremu moja moja penye ukuta mweusi. Chembechembe zinapaswa kubadilika kila fremu. Zikiganda huku mtu akisogea, ni dalili ileile. Angalia pia ukingo wa kofia nyeusi mbele ya mwanga. Mstari mweupe unaouzunguka ni ukali wa bandia, ingawa kwanza hakikisha hautoki kwenye televisheni yako: weka hali ya sinema, shusha ukali hadi kiwango ambacho hauongezi kitu (kwa televisheni nyingi ni sifuri) na zima kilainishi cha mwendo.

Picha mlizochapisha kwa kulinganisha zina kasoro yake. Zimepigwa kwa simu mbele ya skrini, na hapo unalinganisha simu, si diski. Nakili fremu kwa programu ya kompyuta, zihifadhi kama PNG (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha), na hakikisha ni fremu ileile hasa, kwa kuwa saa ya PAL na ya Blu-ray hazilingani: tukio la dakika ya 50 kwenye Blu-ray huja dakika ya 48 kwenye PAL. Pikseli za DVD si mraba. Fremu ya 720 kwa 576 ya skrini pana lazima itanuliwe hadi 1024 kwa 576, na ile ya 720 kwa 480 hadi 854 kwa 480, la sivyo watu wote watatoka wembamba.

Kanda ya diski, yaani eneo la dunia ambamo inaruhusiwa kuchezwa, nayo imesahaulika. DVD na Blu-ray huweza kufungwa kwa kanda, diski za 4K hazina kizuizi hicho.

Tunaomba jedwali lichapwe upya likiwa na safu tatu zaidi: mwendo (24, NTSC au PAL), toleo la uhariri, na umbo la picha. Neno "imekatwa" liondolewe kwenye DVD ya dakika 106, na kando yake iandikwe: toleo la 1998, mwendo wa PAL.

Mpenzi wa filamu za zamani