Shukrani kwa Dada wa Rafu ya 658

Napenda kumshukuru hadharani dada aliyenisaidia katika Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ambaye aliondoka kabla sijamuuliza jina. Nilikuwa nikitafuta Rich Dad Poor Dad, kitabu cha Robert Kiyosaki cha mwaka 1997 kuhusu fedha za mtu binafsi, ambacho kwetu huuzwa hadi kwenye meza za barabarani, na nakala ilikuwa imeshaazimwa. Badala ya kunipa pole tu, alinieleza kwamba katika mpangilio wa Dewey, yaani namba ambazo maktaba hutumia kupanga vitabu kwa mada, vitabu vya fedha za mtu binafsi hukaa kwenye 332.024, ilhali uhasibu uko 657 na uendeshaji wa biashara 658, na kwamba anayeishia rafu ya kwanza hujifunza kutamani mali bila kujifunza kutunza daftari la mauzo. Kauli hiyo ni kali kidogo, lakini naiona ya haki.

Alinitolea The E-Myth Revisited cha Michael Gerber, kinachoonyesha kuwa fundi hodari si lazima awe mwendesha biashara hodari, akanishauri nikiazime pamoja na kitabu cha kawaida cha uhasibu wa awali, kisicho na sifa yoyote mitaani. Hicho cha pili ndicho kilichonifaa zaidi, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kutenganisha mtaji wa duka na pesa za matumizi ya nyumbani, na kuandika madeni ya wateja siku ileile.

Asante sana, dada yangu. Mwenyezi Mungu akuzidishie.