YAH: MADIGADI YA BAISKELI YANGU NA NILIVYOTENDEWA DUKANI KWENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima zote, naomba mnirudishie shilingi 90,000 nilizolipa, au mnifungie madigadi niliyoagiza: ya rimu za 700, upana milimita 50, kwa sababu tairi langu ni la milimita 40 na tope linahitaji nafasi ya kupita. Ndivyo fundi wenu mwenyewe alivyoandika kwenye risiti. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa mmeubandika ukutani, sina haja ya kuwasomea.

Mlichonifungia ni madigadi ya inchi 26. Anayeshika spana kila siku anajua duara la 26 ni dogo, halikai kwenye rimu ya 700: ncha zinabana tairi, katikati panaachama. Fundi akalazimisha, akatoboa tundu jipya, akapitisha bolti huku nati na mkia wake vimeelekea ndani. Mkia huo umechimba mfereji kwenye tairi mpaka nyuzi zinaonekana. Jamani, kinachokaa ndani ni kichwa cha bolti! Hata kijana wa kijiweni anayeziba pancha analijua hilo.

Nilipoirudisha, msimamizi wenu wa zamu hakuinama hata kuitazama. Aliilaza baiskeli sakafuni, akaweka buti juu ya madigadi la mbele, akalikanyaga hadi likapasuka. "Haya, sasa haligusi. Nenda."

Na vibanio vyangu viko wapi? Madigadi ya zamani yalipasuka pale yanaposhikwa na uma, lakini vyuma vinavyoshikilia madigadi la mbele vilikuwa na vibanio vya plastiki vinavyochomoka vyenyewe kijiti kikinasa. Vilikuwa vizima kabisa. Fundi wenu alivitoa, akafunga bainding waya. Ndiyo maana nikitoka Mtae kurudi Lushoto, kwenye ule udongo mwekundu wa masika, kijiti kiliponasa waya haukuachia. Madigadi lilijikunja chini ya uma, gurudumu likasimama ghafla, nikarushwa juu ya usukani na mizigo ikanifuata. Kiwiko kilichanika. Ingekuwa ule mteremko wa Soni kwenda Mombo, na basi liko nyuma yangu, barua hii ingeandikwa na ndugu zangu.

Yote hayo nilimweleza msimamizi wenu taratibu, nikimwonyesha kidonda. Narudia, maana nataka mlione kama nilivyoliona mimi. Alikuwa na soda mkononi na hakuitua. Wateja walikuwepo, mmoja na mwanawe. Nikiwa bado nasema, "Kaka, tafadhali, angalia huu waya," yeye akainua mguu. Plastiki ikalia. Akasema sasa haligusi, kisha akaongeza neno ambalo hapo juu nililiacha kwa aibu: "Mwenye nacho hununua pikipiki." Watu wakacheka, yule mtoto naye akacheka. Nikaiokota baiskeli yangu sakafuni mwenyewe.

Baiskeli hiyo ndiyo kazi yangu. Naongoza wageni milimani kwa baiskeli, na masika hii wageni wangu wamepokewa na wengine.

Kwa hiyo fedha za madigadi peke yake hazitoshi tena. Nataka tairi jipya, vibanio vyangu, gharama za hospitali, na nauli ya Lushoto hadi dukani kwenu Arusha kwenda na kurudi pamoja na ya kubebea baiskeli. Nataka pia msimamizi huyo aniombe radhi hapo hapo kaunta, wateja wakisikia.

Nawapa siku 7. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 mkononi. Na kwa kuwa risiti mliyonipa imeandikwa kwa kalamu, Mamlaka ya Mapato, TRA, nao wataiona, waje wawaulize mashine ya EFD ya kutolea risiti iko wapi.

Picha za tairi, waya na kiwiko nimeambatanisha. Madigadi yenu nimeyafungua na nimeyaweka. Nitakuja nayo.

Wenu katika kudai haki,
Mteja wenu, Lushoto