Mbwa mkubwa naye anazoeleka

Mhariri, naomba kanafasi. Huku Kigoma mtu akitaka mbwa wa kulinda anasaka kitoto tu, ukimwambia achukue mbwa mtu mzima anakuona umechanganyikiwa, eti hazoeleki. Sio kweli bwana! Letu hapa Mwanga ni dume kubwa hasa, shemeji alilitoa kituo cha kuokoa wanyama kule Dar likaja na fuso, mwanzoni lilijibanza nyuma ya simtanki likagoma hata kula, tukaliacha hivyohivyo bila kulishikashika mpaka siku lilipofuata lenyewe harufu ya ugali na dagaa. Ila ukichukua dai kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hiyo inarudiwa kila mwaka, na watoto wasilisogelee likiwa linakula.

Msomaji, Kigoma