Malalamiko kuhusu spana ya toki niliyoinunua kwa kuliamini jina mnaloliwakilisha

Wete, Pemba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Wakala wa zana za ufundi,
Mjini Unguja.

YAH: SPANA YA TOKI ISIYOPIMA SAWA

Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Wete. Mwezi uliopita nilivuka kuja Unguja, nikaingia dukani kwenu na kununua spana ya toki, ile inayolia "ka" bolti ikifika mkazo uliouweka, ya nusu inchi, yenye jina mnaloliwakilisha, inayopima kuanzia nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 40 hadi 200, kwa shilingi 385,000. Rafu ya chini yake palikuwa na nyingine isiyojulikana jina, shilingi 95,000. Kijana wenu wa kaunta aliponiona nazitazama zote mbili akanambia, "Mzee, hiyo ya juu hata usiulize, jina lenyewe ndiyo garantii." Nikalipa. Maneno yake hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Msinidhanie kuwa ni mtu wa kusujudia majina. Seti yangu ya spana za kawaida niliinunua Darajani mwaka 2014, maandishi yake yamekwisha kufutika, na mpaka leo zinafungua nati. Nyundo, patasi, jiriwa, hata grainda, huwa naangalia mfuko wangu kwanza. Vitu hivyo vikiwa vibovu hujitangaza vyenyewe: spana hupanuka mdomo, nyundo huchomoka kichwa, ukakasirika siku moja ukanunua nyingine. Chombo cha kupimia hakina tabia hiyo. Venia (kipimio cha unene) iliyokosea itakuonesha namba tu, na spana ya toki iliyokosea italia "ka" kama iliyo sawa. Pale dukani fundi hana cha kushika zaidi ya jina, na ndiyo maana yuko radhi kulilipia mara nne.

Aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na maikromita (kipimio cha unene kwa usahihi mkubwa) ya Mitutoyo ya milimita 25 hadi 50. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na kijiti cha chuma cha milimita 25 kamili, na kila asubuhi alikibana hicho kwanza, aone kama inasoma 25 kweli, kabla hajapima kitu cha mtu. Sisi wanafunzi tulikuwa tukimcheka. Kampuni ile ya Japani ilianzishwa mwaka 1934 kwa nia ya kutengeneza maikromita, kwa hiyo jina lilikuwepo na uzee ulikuwepo, lakini bado waliweka shahidi ndani ya sanduku, na bado mzee wangu alimhoji shahidi kila siku. Mimi nilipoona jina mnaloliwakilisha niliusahau ule mtindo wake.

Kazi yenyewe ilikuwa boti ya dagaa, mashine ya dizeli ya silinda 2, gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda) imeungua. Kitabu cha mashine kinataka bolti za hedi zikazwe mpaka nyutonimita 70, kwa awamu, kuanzia za kati kwenda za nje. Bolti zilikuwa mpya, kichwani zimeandikwa 10.9, yaani za chuma kigumu. Nikapita awamu ya kwanza kwa 40, ya pili kwa 55, na hapo mkono ukanambia: mbona mzito hivi? Nimekaza bolti miaka 22, mkono una kumbukumbu yake. Nikaitazama spana, nikaona jina limechongwa kwenye chuma, nikasema labda leo ni mimi niliyechoka. Awamu ya tatu, bolti ya nne, nikahisi inalainika badala ya kukaza. Spana kimya. Nikaongeza kidogo tu. Tap! Kichwa cha bolti kimebaki kwenye soketi, mwili wake umo ndani ya bloki.

Ingekuwa ile ya shilingi 95,000, wallahi ningeipima kabla ya kuitia kwenye mashine ya mtu, kwa sababu nisingeiamini. Basi nikafanya jioni ile nilichopaswa kufanya asubuhi. Nilibana kichwa cha spana kwenye jiriwa, mkono wake umelala sawasawa na sakafu. Kutoka kichwani hadi katikati ya mshikio ni sentimita 42. Nikaiweka kwenye 70. Kwa umbali huo, uzito wa kilo 17 ndio unaotoa nyutonimita 70. Na kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinairuhusu spana ya aina hii ikosee asilimia 4 tu, yaani ilitakiwa ilie baada ya kilo 16 na kabla ya 18. Nikatundika ndoo ya lita 20, yenyewe tupu ina kilo 1, nikawa namimina maji kwa kopo la lita moja huku mwanangu akihesabu kwa sauti. Lita ya 16, kimya. Ya 17, kimya. Ndoo ikajaa pomoni, kimya. Nikaongeza jiwe la mizani la kilo 2 juu yake, kimya. Nikaongeza la kilo 1, "ka". Jumla kilo 24. Hesabu yake inakaribia nyutonimita 99. Nikarudia mara tatu, na mara tatu zote ikanipa jawabu lile lile.

Nilipowaletea habari hii kwa simu, mhudumu wenu alinijibu kuwa chombo "kimetumika kinyume na maelekezo". Maelekezo nimeyasoma. Sikufungulia nati kwa spana hiyo, sikuiangusha, na kila nilipomaliza niliirudisha kwenye namba ya chini ili springi ipumzike. Imefanya kazi siku moja tu, na nusu ya siku hiyo nilikuwa nahangaika na drili.

Kuna jambo jingine ambalo simu haikunipa nafasi ya kulisema. Sandukuni mna cheti cha upimaji chenye namba ya spana. Namba iliyochongwa kwenye spana yangu ni nyingine kabisa. Wiki iliyopita nilimtuma mpwa wangu anayesoma hapo mjini aje dukani kwenu kama mnunuzi, akafunguliwa masanduku mawili ya aina ile ile, na yote mawili yana cheti chenye namba ile ile ya cheti changu. Basi spana tatu zimepimwa kwa cheti kimoja? Ama mmeuziwa bandia nanyi hamkujua, ama mmiliki wa jina amelikodisha kwa kiwanda asichokikagua. Najua majina ya zana huuzwa na kuunganishwa; Stanley na Black & Decker ziliungana mwaka 2010, na DeWalt imo nyumba hiyo hiyo, na fundi hana ugomvi na hilo. Ila anayelichukua jina la watu achukue na madeni yake.

Khasara yangu: kuing'oa bolti na kutengeneza upya nyuzi kwa fundi wa kerezo shilingi 60,000, bolti nyingine 48,000, gasketi 75,000, ukiacha nauli zangu za kuja huko. Boti ililala usiku tisa, na zilikuwa siku za kiza, wakati ambao dagaa hufuata taa. Mbaamwezi ukiingia hakuna cha kufuata. Nahodha hajanidai kwa mdomo. Lakini akipita gereji siku hizi husalimia huku anakwenda, na zamani alikuwa akikaa mpaka chai iishe.

Nataka nirudishiwe shilingi 385,000 na gharama hizo tatu za matengenezo. Nataka pia jawabu la maandishi, siyo la simu: je, namba iliyochongwa kwenye spana yangu imetoka kiwandani kwa mwenye jina, ndiyo au siyo? Na yale masanduku yaliyobaki rafuni yaondolewe mpaka yapimwe, kwa sababu kuna fundi mwenzangu atakayeingia na pesa ya wiki nzima akaambiwa asiulize.

Spana ninayo hapa, ndani ya sanduku lake, pamoja na risiti na bolti iliyokatika. Mkimtuma mtu wenu aje, nitaifunga kwenye jiriwa mbele yake na maji atamimina mwenyewe. Nasubiri siku 14.

Ahsanteni.

Fundi wa mashine za boti,
Wete, Pemba.

Nakala: Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS);
Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.