Chupa tupu ziachwe mezani

Ndugu Mhariri,

Watu wakizungumzia baa nzuri na baa mbovu hukimbilia muziki, viti na ubaridi wa bia. Sina ugomvi nao, bia ya moto haina utetezi. Ila mimi baa naipima kwa chupa tupu. Nikimaliza bia ya kwanza, kisha mhudumu akaja kuinyakua chupa hata povu halijakauka, najua usiku huo tutagombana kwenye bili.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi tulikaa wanne kwenye baa moja hapa Tabata. Watatu tulikuwa wa bia, wa nne ana soda zake mbili. Dada aliyetuhudumia alikuwa mchangamfu, mbio huku na huku, na kila akipita anazoa chupa. Saa 5 usiku tukaomba bili. Ikaja kwenye kipande cha boksi la sigara: bia 19. Sisi kwa hesabu yetu tulikuwa na 15, tena tulirudia kwa vidole, kila mtu na zake. Mezani palikuwa na glasi, sahani ya mifupa na chupa tatu. Ushahidi wote ulikuwa umeshabebwa.

Meneja akaja na daftari, na hapo nikajua jambo ambalo sisi wanywaji hatulifikirii. Kila mhudumu ana ukurasa wake kaunta. Kila chupa anayoichukua inaandikwa kwa jina lake, na hesabu zikifungwa fedha isipotimia, pengo linakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo zile bia nne zilitoka kweli, na zilitoka kwa jina lake. Huenda zilikwenda meza ya jirani, ambao walikuwa wameshapanda bodaboda zao zamani. Meneja hakuwa na hasara, ukurasa unamlinda. Ugomvi ulikuwa kati yetu na yule dada, ambaye alisimama pale anafuta macho kwa ncha ya aproni. Tukakubali kulipa mbili, mbili zikabaki kwake. Hata yule wa soda aliondoka amenuna.

Wenye baa wana hoja yao. Chupa inatakiwa irudi kiwandani, ikipotea wanadaiwa, na ulevi ukipamba moto chupa inageuka silaha. Nakubali. Lakini iko baa moja ya kizamani ninayokwenda, viti vyake vya plastiki vimeungwa kwa waya, choo chake tusikiongelee. Ukikaa tu, wanaweka kreti tupu chini ya meza. Bia ikiisha, chupa inaingia kwenye tundu lake. Mkitaka kuondoka, mhudumu anainama, anahesabu kwa sauti na nyinyi mnamsikia. Akimaliza, kreti linakwenda kaunta kama lilivyo. Miaka yote niliyokaa pale sijasikia kelele ya bili, na wateja wake hawahami pamoja na hivyo viti.

Na bia ifunguliwe mbele yangu, jamani. Chupa ikiletwa wazi kutoka kaunta siinywi, hata iwe ya ofa.

Nyama nayo ni hivyo hivyo. Nyama ikichomwa lazima ipungue, maji na mafuta yanadondokea kwenye mkaa, na kilo ikirudi kama robo tatu, au chini ya hapo, hakuna aliyeibiwa. Tatizo linaanza pale mzani unapokuwa nyuma ya ukuta na wewe unaletewa sinia tu. Mimi naamka kitini. Natazama kama mzani una stika ya Wakala wa Vipimo, naonyesha mbavu ninazozitaka, nasubiri zipimwe, halafu namwomba mchomaji azichanje kisu mara mbili kwenye mfupa. Wenzangu hunicheka. Waliacha kucheka siku walipoagiza mbavu za mbuzi wao bila alama, ikaja shingo, na mchomaji akaapa kwamba ndiyo ile ile. Mchomaji mwenyewe kumbe hana shida na mteja msumbufu, alama inamsaidia asichanganye oda 20 juu ya jiko moja.

Kuhusu risiti, sote tumeshasikia watu wa kodi, TRA, wakiimba: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Dai basi saa 5 usiku uone. Mashine haina karatasi, mtandao umekata, aliye na funguo ya ofisi ameenda nyumbani. Boksi la sigara ndilo halikosekani.

Ombi langu kwa wenye baa halina gharama. Makreti matupu mnayo, yamejazana nyuma ya stoo yakisubiri gari la kiwanda. Wekeni moja kila meza. Mkiogopa chupa kutumika kwenye ugomvi, basi meza ya walevi wakorofi iondoleeni, mnawajua kwa sura. Na ile kanuni ya kumkata mhudumu kila pengo, itazameni upya, maana inamlazimisha kuchagua kati ya kumwibia mteja na kujiibia mwenyewe.

Juzi nilirudi pale Tabata. Yule dada bado yupo, na alinikumbuka. Kabla sijaagiza chochote nikamwomba kreti. Akacheka, akaenda stoo, akarudi analisukuma kwa mguu hadi chini ya meza yetu. Meneja alimtazama kutoka kaunta, hakusema kitu. Tulikunywa 11. Alihesabu yeye, tukahesabu sisi, zikawa 11.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam